Klachi inayogonga: "ni kawaida yake" si jibu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumzie sauti moja ambayo dereva yeyote wa bodaboda hapa Kigoma anaijua: ile "kra-kra-kra" inayotoka ubavu wa kulia wa injini pikipiki ikiwa imesimama inasubiri abiria, na inayonyamaza dereva akishika klachi. Pikipiki ina miezi minne, dhamana haijaisha, mwenyewe anairudisha kwa wakala. Wakala anasikiliza akiwa nyuma ya kaunta na kusema, "Hiyo ni kawaida yake, itazoea." Akipigiwa simu mtengenezaji, au aliyeiingiza nchini, jibu ni lilelile, tena bila mtu kuuliza imetembea kilomita ngapi.

Jibu hilo mara nyingine ni la kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Ipo kelele ya kawaida na ipo kelele ya chuma kinachokwisha, na zote mbili zinatoka sehemu moja. Cha kuzitenganisha ni vipimo. Mtengenezaji anavyo, kwenye kitabu anachompa mnunuzi huwezi kuviona, zaidi ya kiasi cha oili na upepo wa tairi.

Chanzo chenyewe hakina uchawi. Injini ya pistoni moja, ya cc 125 au 150, hupata msukumo wa moto mara moja katika kila mizunguko miwili ya kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni. Ikiwa inaunguruma bila kuvutwa mafuta, nyingi huwekwa kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Hiyo ni misukumo 700 kwa dakika, na kati ya msukumo na msukumo kranki inapunguza kasi kidogo. Gia ndogo ya kranki imeng'atana na gia kubwa iliyobeba nyumba ya klachi, yaani bakuli la aluminiamu linaloshika plati zake. Kranki ikisukuma, jino linagusa upande huu. Ikipunguza kasi, jino linarudi kugusa upande wa pili. Kwa sababu hiyo gia kubwa haikukazwa moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi. Katikati huwekwa raba, au springi fupi nene, za kumeza mshtuko huo, kisha bamba la nyuma linafunika kila kitu kwa riveti. Raba zikiwa nzima unasikia mnong'ono tu. Zikisinyaa kwa joto la oili, au riveti zikilegea, nyumba ya klachi inacheza juu ya gia yake na kelele inaanza.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Endesha kama dakika kumi injini ipate moto, simama, weka gia huru, sikiliza mkono wa klachi ukiwa umeachiwa. Kisha ushike hadi mwisho, usikilize tena. Ukiwa umeachiwa, nyumba ya klachi, habu (kitovu kilicho ndani yake) na shafti ya gia vinazunguka pamoja. Ukishika, nyumba inaendelea kufuata kranki, lakini habu na shafti vinaachwa nyuma. Kwa hiyo kelele inayokufa ukishika klachi inatokana na mzigo ule ulioachwa: ama raba za nyumba zimechoka na haziwezi kuubeba, ama beringi ya shafti ya gia imeisha. Zitofautishe kwa kuvuta mafuta kidogo hadi injini ichangamke. Mgongano wa raba hupungua au kupotea, kwa kuwa misukumo imekaribiana na jino halipati nafasi ya kurudi. Mvumo wa beringi hufanya kinyume: unapanda pamoja na injini na kuzidi kuwa mwembamba.

Kelele inayoanza pale unaposhika klachi ni kesi nyingine. Ikiwa ni mlio mkavu mwembamba, angalia beringi ndogo ya kusukuma na fimbo yake. Ikiwa ni mchakacho kama wa sahani zinazogongana kwenye beseni, hizo ni plati, yaani bamba nyembamba za klachi, zinazocheza kati ya vidole vya nyumba (kuta zake zenye mianya) vilivyolika. Na isiyobadilika hata kidogo, ushike usishike, usiitafute kwenye klachi. Chukua bisibisi ndefu, ncha uiweke kwenye kava, mpini uuweke sikioni, uhame sehemu hadi sehemu: huenda ni mnyororo wa taimingi, tapeti, au bati la silensa lililolegea bolti moja. Tumeona nyumba za klachi zikibadilishwa kwa ajili ya bati la silensa.

Kuna mapigo ya aina nyingine tena, ya taratibu kuliko injini. Klachi huzunguka mara moja wakati kranki imezunguka mara tatu hadi nne, kutegemea modeli. Ukisikia pigo zito linalokuja polepole hivyo, hapo si suala la raba. Ni bushi la katikati, yaani pete ambayo nyumba huzungukia, lililolika, au nati ya habu iliyolegea na klachi nzima inayumba. Hiyo haizoei. Zima injini.

Sasa, aliye ndani ya dhamana asifungue kava. Kosa hilo tunaliona kila wiki: dereva anakasirishwa na jibu la wakala, anakwenda kwa fundi wa jirani, kava linafunguliwa, gasketi inachanika, na tangu siku hiyo wakala ana sababu halali ya kumfukuza. Kabla ya spana yoyote, piga video kwa simu, sekunde ishirini ishirini: injini ikiwa baridi, ikiwa ya moto, mkono ukiachiwa na mkono ukishikwa. Ya mwisho ianze na dashibodi ili kilomita zionekane. Andika barua ya ukurasa mmoja yenye namba ya chesisi, namba ya injini, tarehe ya kununua, kilomita, na kelele inatokea katika hali gani. Ambatisha nakala ya risiti ya mashine. Peleka kwa wakala na usitoke mpaka nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu haina muhuri.

Katika barua hiyo uliza mambo matatu ambayo hayajibiki kwa "ni kawaida". Je, mwanya unaoruhusiwa kati ya gia na nyumba ya klachi ni milimita ngapi? Nyumba ya klachi ya modeli hii ina namba gani ya spea, na ipo nchini? Na kama fundi wa kampuni amekagua na kuridhika, je, yuko tayari kuandika na kusaini kwamba kelele hii haitaleta madhara hadi mwisho wa dhamana? Wengi hulegea kwenye swali la tatu. Tunza pia kopo la oili uliyotumia pamoja na risiti yake, kwa maana utetezi wa kwanza utakaotolewa ni kwamba uliweka oili mbaya.

Zikipita wiki mbili bila jibu la maandishi, sheria ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa hiyo kiwe cha ubora unaokubalika. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 ina sehemu ya masharti yanayohesabika kuwamo katika mkataba wa mlaji hata kama hayakuandikwa, na ina sehemu ya wajibu wa watengenezaji. Anayeisimamia ni Tume ya Ushindani. Barua yenye muhuri na video nne ni malalamiko. Maneno ya kijiweni si malalamiko.

Kwa ambaye dhamana imekwisha, kazi ni hii. Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu, na usiimwage gizani. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Unga mweusi wenye harufu ya kuungua ni plati. Chenga za kung'aa zisizoshikwa na sumaku ni aluminiamu ya vidole vya nyumba au ya habu. Zinazoshikwa na sumaku ni meno ya gia, beringi au plati za chuma, na hapo jiandae kwa kazi kubwa kuliko klachi. Toa kiki, legeza waya wa klachi, sogeza kinachozuia, kisha legeza bolti za kava kwa kupishanisha. Bolti hizo hazilingani urefu. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kila bolti ichomeke mahali pake. Bolti ndefu ikiingia tundu fupi hupasua aluminiamu, na ufa wa namna hiyo ndio unaovujisha oili mwaka mzima watu wakilaumu gasketi.

Bolti za springi, nyingi huwa nne, zilegezwe nusu mzunguko kila moja kwa kupishanisha, la sivyo bamba la juu hukaa upande na kuvunja kishikio cha springi. Zisimamishe springi zote kwenye kioo, uziangalie usawa wa macho. Moja ikiwa fupi, badilisha zote. Plati zipangwe chini kwa mfululizo zilivyotoka. Plati ya kusugua ya injini nyingi za 125 ikiwa mpya ina unene wa kama milimita 3; ikishuka hadi 2.6 imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana ina nyama. Pima kwa vernia sehemu tatu au nne za kila plati. Plati za chuma zilaze kwenye kioo, upitishe fila geji (vijibamba vyembamba vya kupimia mwanya) pembeni: ikipenya ya milimita 0.20, plati imejikunja. Ikiwa na rangi ya bluu, imeungua, na zile za kusugua zilizokaa jirani yake nazo zimeshaiva.

Halafu nyumba yenyewe, ambako ndiko kelele ilikotoka. Ishike gia kwa mkono mmoja na nyumba kwa mkono mwingine, uzungushe kila moja upande wake kama unayekamua nguo. Inatakiwa ikuzuie kwa ukinzani wa raba, irudi. Ikienda na kurudi bure, ikisema "tak, tak", raba zimekufa. Geuza upande wa bamba. Kuzunguka riveti iliyolegea utakuta duara jembamba la unga wa chuma, jeusi linalong'aa, na riveti yenyewe ukiisukuma kwa kucha inageuka. Ingiza shafti kwenye bushi, tikisa juu na chini. Mwisho pitisha kucha kwenye vidole. Mikwaruzo midogo inasawazishwa kwa tupa laini, kiasi kilekile kila kidole. Mashimo ya nusu milimita na zaidi hayapigwi tupa: utaondoa ngazi zinazokwamisha plati, lakini utaongeza nafasi ya plati kucheza, na mchakacho utakuwa mkubwa kuliko ulivyoanza nao.

Na hapa tunasema wazi, hata kama wenzetu watachukia: riveti za nyumba ya klachi hazichomelewi. Joto la kuchomelea linaivisha raba palepale, aluminiamu inajikunja, na uzito wa nyumba hauwi sawa tena. Kelele inapotea siku tatu nne. Baada ya hapo doa la kuchomelea linaachia, kipande kinaangukia kwenye gia ya kranki, na aliyekuja kwa kelele anaondoka na injini iliyokufa. Raba mpya na riveti mpya zilizogongwa kwa presi ni sawa kama raba za saizi yake zimepatikana. Zisipopatikana, nunua nyumba nzima pamoja na gia yake. Meno ya gia ndogo ya kranki yakiwa yamelika, badilisha zote mbili, kwani gia mpya ikiwekewa mkongwe inavuma.

Nati ya habu katika injini nyingi hizi ni ya duara yenye mikato minne. Haifunguliwi kwa patasi na nyundo. Patasi inaharibu mikato, nati haikazi tena sawasawa, na pigo zito tulilolitaja juu linazaliwa siku hiyo. Mchongaji yeyote atakukatia kipande cha bomba nene chenye meno manne na kukichomelea nati ya spana nyuma. Kifaa hicho kitakutumikia miaka. Washa ya chini ya nati kama ina maandishi, maandishi yatazame nje.

Plati mpya za kusugua zilale kwenye oili safi ya injini usiku kucha, au saa chache kama mteja amekaa benchi anakutazama. Zikifungwa kavu zinaungua uso dakika ya kwanza, na kuanzia hapo pikipiki itatetemeka na kulia kila inapoondoka. Funga bolti za springi kwa kupishanisha, kwa mkono mwepesi: ni bolti za milimita 6, zinakatika. Mkono wa klachi uache mchezo wa milimita 10 hadi 20 nchani. Bila mchezo, beringi ya kusukuma haipumziki na plati zinateleza. Mchezo ukizidi, klachi haiachii na gia ya kwanza inaingia kwa kishindo. Rudisha kiasi cha oili kilichoandikwa kwenye kitabu au kwenye kava, kwa nyingi ni karibu lita moja, washa dakika chache, zima, pima tena. Baada ya kilomita 500 imwage oili hiyo, maana plati mpya huacha unga.

Oili ina lake. Klachi za pikipiki hizi zinaogelea ndani ya oili ileile ya injini. Oili za magari madogo zilizotengenezwa kupunguza ulaji wa mafuta zina dawa ya kuteleza, na kuteleza ndiyo sumu ya plati. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. MB ni ya skuta zenye klachi kavu. Kopo lisilo na alama hiyo, hata likiwa na picha nzuri ya pikipiki, liache dukani. Oili nzito kupita kiasi hunyamazisha kelele kwa muda kama blanketi juu ya mtoto anayelia. Na kupandisha mizunguko ya injini pikipiki ikiwa imesimama ni ujanja wa jamii hiyohiyo, tena huo hutumiwa na mawakala wenyewe. Pikipiki inarudi kimya, dereva anashukuru, mafuta yanaliwa zaidi, na raba zinaendelea kwisha.

Madereva nao wana sehemu yao. Kutoka Mwandiga kupandisha kuelekea Kalinzi na madumu manne ya mawese, dumu la lita 20 likiwa na kilo 18 hivi, bado dereva na utingo wake, ni mzigo ambao klachi haiubebi kwa nusu mkono. Anayepanda gia ya tatu huku akiicheza klachi ili injini isizime anapika plati na raba kwa pamoja. Shuka gia ya kwanza, achia mkono wote, panda polepole. Ukisimama katikati ya mlima, shikilia kwa breki, usishikilie kwa klachi.

Lakini hilo halimwondolei mtengenezaji lawama. Pikipiki hizi zinauzwa hapa kwa matangazo ya kubeba mizigo na kupanda milima. Hawezi kuuza kwa sifa hiyo na kukataa dhamana kwa sababu hiyohiyo. Na tunachodai si kikubwa. Kitabu cha mnunuzi, kwa Kiswahili, kiwe na vipimo vinne: unene wa mwisho wa plati ya kusugua, urefu wa mwisho wa springi, mkunjo unaoruhusiwa wa plati ya chuma, na mchezo unaoruhusiwa kati ya gia na nyumba. Raba, riveti na bushi viuzwe peke yake, kwa namba ya spea, badala ya kumlazimisha mtu kununua nyumba nzima iliyosafirishwa kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya vipande vya mpira vinavyojaa kiganja kimoja. Na wakala aliyeko Kigoma awe na fila geji kwenye droo, ili akisema "ni kawaida" aonyeshe ni kawaida kwa milimita ngapi.

Ni sisi,
Mafundi pikipiki,
Mwanga, Kigoma